Jioni ya Hesabu Isiwe ya Kurudia Yaleyale

Kila inapopendekezwa kuwafundisha hesabu na sayansi watoto wa familia maskini baada ya saa za masomo, wengi hufikiria kwanza kurudia: mazoezi yaleyale ya darasani, polepole zaidi na kwa wingi zaidi. Naamini kwamba mpango wa namna hiyo, hata ukitoka kwa watu wenye nia njema, humnyima mtoto kile hasa alichokikosa mchana, yaani swali gumu na muda wa kulihangaikia.

Chukua uzi na jiwe, vitu visivyohitaji maabara. Jiwe lililoning'inizwa kwenye uzi wa mita 1 huenda na kurudi kwa takriban sekunde 2. Waulize wanafunzi uzi ubaki na urefu gani ili muda huo uwe sekunde 1, na wengi watajibu bila kusita: nusu mita. Wakipima watapata sekunde 1.4, na hapo ndipo somo linapoanza, kwa kuwa mmoja atadai wamekosea kuhesabu, mwingine atabadilisha jiwe akidhani uzito ndio unaoleta tofauti (hauleti), mpaka wafike sentimita 25 na kujionea kwamba nusu ya muda hutaka robo ya urefu. Kipeuo cha pili, ambacho ubaoni kilikuwa alama tu, sasa wamekishika mikononi. Kipindi cha dakika 40 katika darasa lililofurika hakiwezi kubeba mabishano hayo, jioni inaweza.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanahisabati Uri Treisman alichunguza kwa nini wanafunzi wengi Weusi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walikuwa wakifeli kalkulasi. Aligundua kwamba bidii walikuwa nayo, ila walijisomea peke yao, ilhali wenzao wenye asili ya China walikaa pamoja na kukosoana. Katika warsha alizoanzisha, wanafunzi walipewa maswali magumu wayatatue kwa vikundi, na matokeo yao yakapanda.

Lakini hata swali zuri halimfikii mtoto anayelazimika kuwahi nyumbani kulea wadogo zake. Ndiyo maana bajeti ya mpango wowote wa aina hii ianze na mlo, nauli na malipo ya mwalimu anayebaki, kabla ya kompyuta na darubini ambazo wafadhili hupenda kupigwa nazo picha.