Ndia Kuu haijakosa rangi, imekosa mwenye kuamua

Wanaozungumzia kufufua Ndia Kuu, mtaa mkongwe wa Mji wa Kale wa Mombasa, wana kambi mbili. Kambi moja yataka sheria zikazwe: roshani isiguswe, mlango wa nakshi usiuzwe, ghorofa isiongezwe. Ya pili yasema wenye nyumba waachwe wajenge, maana nyumba inayovuja haimfai aliyemo ndani hata ikiitwa urithi mara mia. Kila kambi ina hoja ya kweli. Ila zote mbili huzungumza kana kwamba kila nyumba ina mwenyewe mmoja aliyekaa mahali anasubiri kuambiwa la kufanya.

Mtaa huu haukufifia kwa uzee. Unaanzia karibu na Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ukaingia mjini, na upande wa bahari hauko mbali na Msikiti wa Mandhry, Uwanja wa Serikali na Bandari ya Kale. Mwisho wa karne ya 19 hapa ndipo palipokuwa na shughuli. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati mwaka 1888, iliweka makao Mombasa. Reli ya Uganda ikaanza kujengwa 1896. Maofisa wakawa wanapanda vitoroli vya reli nyembamba, wakisukumwa na watu, kutoka Uwanja wa Serikali kwenda Kilindini, upande wa pili wa kisiwa. Kisha makao ya serikali yakahamia Nairobi mwaka 1905, na meli kubwa zikahamia Kilindini kwenye kina kirefu. Bandari ya Kale ikabakia na majahazi yanayoendeshwa na pepo za kaskazi na kusi, nayo yakapungua mwaka hadi mwaka. Hata shehena ya boriti za mikoko iliyokuwa ikiyapa majahazi cha kurudi nacho Arabuni ilipigwa marufuku kusafirishwa nje mwaka 1982.

Ndiyo maana sina imani sana na ufufuaji wa brashi. Amri ya kaunti ya mwaka 2018, ya kupaka majengo ya mjini rangi nyeupe na mkanda wa buluu, iliubadilisha mji machoni. Mtaa uliopoteza ofisi na bandari haurudishiwi kazi kwa ndoo ya rangi.

Kambi ya sheria ina nguvu zaidi pale inapozungumzia ukuta wenyewe. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo hupitisha unyevu: hunyonya, kisha hukauka. Mwenye nyumba akipiga lipu ya saruji kwa kuwa ni rahisi na hukauka upesi, unyevu hufungiwa ndani, chumvi hutoka, lipu hubanduka vipande vipande na vichwa vya boriti huoza mahali pasipoonekana. Miaka michache baadaye husikia watu wakisema nyumba za zamani ni mbovu. Mbovu ni lipu! Na vichochoro ni vyembamba mno. Anayepandisha ghorofa nne za zege humnyang'anya jirani mwanga na upepo, na hapo hakuna cha kumlipa.

Lakini muulize mwenye nyumba gharama. Mafundi wa chokaa si wengi. Mbao za msaji za roshani ni ghali, na mchongaji ni ghali kuliko mbao. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 yaweza kumzuia kubomoa, haimpi pesa ya kutengeneza. Kumkataza mtu bila kumsaidia ni kumwambia angoje paa limalize kazi.

Na mara nyingi huyo "mwenye nyumba" ni ukoo mzima. Babu alifariki, nyumba ikaingia kwenye mirathi, watoto wakafariki nao, mafungu yakagawanyika tena. Mmoja anaishi chini, mwingine yuko Nairobi, wengine Uarabuni au Uingereza. Nyingine ni wakfu, haziuzwi kabisa. Nani atie saini ya ukarabati? Nani achange, ilhali asiyechanga atanufaika sawa naye? Katika hali hiyo kuacha mambo yalivyo ndilo jambo pekee lisilohitaji kikao.

Msomaji atasema: basi apatikane mwenye mmoja, mambo yaende. Zanzibar walikuwa naye. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilichukua nyumba nyingi za Mji Mkongwe, na nyingi zikachakaa mikononi mwake. Beit al-Ajaib, jengo la serikali katikati ya mji ulioingia orodha ya UNESCO mwaka 2000, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020, tena likiwa kwenye ukarabati, na watu wakafa. Kuwa na mwenye mmoja peke yake hakutoshi.

Ningeanza na jambo dogo: kaunti iwapunguzie kodi ya ardhi wale warithi waliokubaliana, mbele ya Kadhi, kumteua msimamizi mmoja wa nyumba, na nafuu hiyo ihesabiwe kwenye chokaa na mbao zilizotumika kweli. Najua jibu la wanaopinga: warithi wakishapata msimamizi, wa kwanza kumbishia hodi atakuwa mnunuzi anayetaka hoteli. Wana haki ya kuogopa. Kwa hiyo nafuu hiyo iwe na sharti: nyumba ikiuzwa ndani ya muda fulani, kodi yote iliyosamehewa ilipwe kwanza.