Aliyempiga polisi: mwaka mmoja au mitano?

Polisi wa rulaji (wa barabarani) akipigwa kwenye njia panda Lubumbashi, kilio ni kilekile: sheria ni laini, adhabu ipandishwe. Wanaolia wana hoja. Kifungu cha 134 cha Kanuni ya Adhabu ya Kongo ya 1940 kinasema mtu mmoja anayemshambulia askari anayetekeleza sheria, yaani rebelioni, hafungwi zaidi ya mwaka 1. Wakiwa wengi na wamepatana mapema, kifungo hufika miaka 5. Kwa polisi anayesimama juani peke yake, mwaka mmoja ni mdogo.

Lakini polisi analindwa pia na vifungu vinavyomlinda kila mtu. Pigo likimletea ugonjwa au likamzuia kufanya kazi, kifungu cha 47 kinatoa miaka 2 hadi 5. Akifa, hata kama hakukusudiwa kuuawa, cha 48 kinafika miaka 20. Na tendo moja likivunja vifungu viwili, hakimu hutoa adhabu iliyo kubwa kuliko zote. Basi mwaka mmoja au mitano, jibu liko kwenye karatasi ya daktari. Kesi huharibikia hapo: PV (maandishi rasmi ya polisi kuhusu kosa) imeandikwa "rebelioni" tu, polisi amekwenda nyumbani na jicho limevimba, na baada ya siku 10 uvimbe umekwisha, daktari hana cha kupima. OPJ, yaani ofisa anayechunguza kosa, amwandikie daktari rekizisyo (barua rasmi ya kumtaka apime) siku ileile, na cheti kitaje jeraha, mahali lilipo na siku za kutofanya kazi.

Kuna jambo zito zaidi. Rebelioni inadai askari awe anatekeleza sheria au amri. Akiwa amesimamisha taksi ili apewe pesa, bila PV, alikuwa anatekeleza nini? Kumpiga bado ni kosa, kifungu cha 46 kipo, ila rebelioni inaanguka. Ukipandisha adhabu ya rebelioni, unaongeza nguvu ya anayeandika PV, na huyo ni polisi mwenzake wa anayelalamika.

Na dereva naye akiwa amepigwa? Kifungu cha 156 cha Katiba kinampeleka polisi mahakama ya kijeshi; dereva anahukumiwa na mahakama ya amani. Ugomvi mmoja, faili mbili, na hakuna hakimu anayesoma zote. Anayepima kifungo cha dereva anamwona polisi aliyejeruhiwa, hamwoni aliyeanza kupiga. Kabla ya kugusa kifungu cha 134, parke (ofisi ya waendesha mashtaka) iombe nakala ya faili ya oditora ya kijeshi (waendesha mashtaka wa jeshi) na kuiweka mezani kwa hakimu kabla ya hukumu.