Kuku Wangu Alivyokaribia Kuingia Vitabuni

Mimi ni mpishi wa kambi. Kazi yangu ni kubeba sufuria hadi mahali ambapo hata mbuzi wanaogopa kupanda, kisha kuulizwa kwa nini wali unanuka moshi.

Safari hiyo nilipanda na wazungu wawili kutoka kijiji cha Udekwa, wilayani Kilolo, kwenda msitu wa Ndundulu kumtafuta kwale wa Udzungwa. Ndege huyo na wapishi wana historia. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark, wakiwa kwenye milima hiyo hiyo, walikuta ndani ya sufuria ya mchuzi miguu miwili ambayo haikufanana na ya kuku. Wakaingia msituni kumsaka mwenye miguu, na mwaka 1994 wakamtangaza: kwale mpya kabisa, ambaye jamaa zake wa karibu wanaonekana kuwa huko Asia. Ndiyo maana kila jioni wageni wangu walikuja kufunua sufuria. Njaa haikuwahusu. Walikuwa wanahesabu miguu.

Wenyewe kwa wenyewe walikuwa na ugomvi wao. Kwenye milima ya Rubeho, upande wa kaskazini, kuna kwale wengine kama hawa ila wadogo kidogo. Mwaka 2003 waliandikwa kuwa tawi la kwale wa Udzungwa. Mwaka 2005, baada ya vinasaba kupimwa, wakapandishwa cheo wakawa spishi yao. Mgeni mmoja alikubali, mwenzake akasema hao ni ndugu waliohama nyumba tu. Nikawabatiza Bwana Wawili na Bwana Mmoja. Walibishana wakila, walibishana wakipiga mswaki, na usiku nilisikia hema likibishana.

Sasa kosa langu. Kabla hatujaondoka kijijini, mzee aliyetuongoza, Mhehe mpole asiyerudia neno, aliniita pembeni. "Mwanangu, kuku hai asiingie msituni. Kwale na kuku ni ukoo mmoja. Ukipeleka kideri, ugonjwa wa kuku, kule, umewamaliza."

"Ndiyo, mzee," nikaitikia kwa adabu zote, huku ndani ya tenga, chini ya kabichi, amelala tetea kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, niliyemnunua asubuhi ile kwa elfu kumi na tano. Nilishapiga hesabu: siku sita za maharage. Mtu huwa mwongo kwa mambo madogo kuliko hayo.

Usiku wa pili nilifungua tenga nimpe maji. Alinipita katikati ya miguu, akazama kwenye ukungu. Asubuhi mzee akakuta tenga limepinduka.

"Nani huyu?"

"Mbega, mzee."

"Mbega anakula kabichi?"

"Aliikagua tu."

Mzee akanitazama kwa muda, akaenda zake.

Jioni ya tatu Bwana Mmoja alikuja kambini akikimbia kwa ncha za vidole, mkono mdomoni, akituita kwa macho. Kwale hupanda mtini kulala, na kweli, juu ya tawi, katika ukungu na giza la magharibi, lilionekana umbo la ndege mnene. Shingo nyekundu. Bwana Wawili akapiga darubini, mikono ikimtetemeka. Wakanong'onezana. Kwa mara ya kwanza tangu Iringa wakakubaliana: huyu si wa Udzungwa, na wa Rubeho si yeye. Huyu ni wa tatu! Bwana Mmoja, ambaye wawili tu walimshinda, sasa alikuwa na watatu na machozi juu. Wakaanza kutafuta jina la Kilatini. Nilisikia likitajwa jina la mke wa mtu.

Nilijua lazima niseme. Nikajiandaa, nikakohoa, na mwiko ukaniponyoka ukagonga sufuria.

Kuku wa kijijini anaijua sauti hiyo kuliko jina lake. Alishuka kwa kishindo, akakimbia mpaka miguuni kwangu, akasimama kusubiri pumba. Mguuni alikuwa bado na kitambaa cha kanga, alama ya mama aliyeniuzia.

Wageni wakaangalia miguu. Wamezoea.

Mzee akasema, "Mbega huyo."

Hukumu ilikuwa nyepesi: alfajiri nimrudishe Udekwa kwa miguu, nikimbeba. Kamba niliisahau kambini, kwa hiyo nilimkumbatia kwa mikono yote miwili kama mtoto mwenye homa. Mwendo wa saa moja hivi, majani makavu yakachakarika mbele yangu, kama hatua kumi. Kwale. Wawili. Mdomo mwekundu, uso wa rangi ya kutu, kifua cha kijivu chenye madoa meusi, wanachakura majani kwa miguu ya manjano kama kuku jalalani.

Simu ilikuwa mfukoni. Mikono ilikuwa na kuku. Nikimwachia, narudi kwa mzee na mbega wa pili.

"Ko?" akasema tetea wangu.

Wale wawili wakainua vichwa, wakamkazia macho kama watu waliokutana na jamaa msibani, sura wanaifahamu, jina limewapotea. Kisha wakaingia zao vichakani, bila haraka.

Nilirudi kambini jioni nikihema, nikasimulia yote, rangi kwa rangi. Bwana Mmoja akamtazama Bwana Wawili. Bwana Wawili akaweka kikombe chini.

"Hao wawili," akaniuliza, "walikuwa na kitambaa mguuni?"