Mtu ni Afya: choo kilichimbwa baada ya mazungumzo

Jina la Mtu ni Afya limerudi. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua kampeni ya usafi kwa jina lile lile la kampeni ya mwaka 1973, na wengi wetu tuliolisikia kwa wazazi tulifurahi. Ila ninachoona kimekumbukwa ni jina, si namna kazi ile ilivyofanyika.

Wanaoitilia shaka kampeni ya kwanza hawabishi bure. Zama zile chama kilikuwa kimoja na balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa chama wa ngazi ya chini, alikuwa karibu mno na mlango wa kila mtu. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na katika operesheni za kuhamisha watu zilizofuata kuna waliobomolewa nyumba ili wasirudi walikotoka. Aliyehamishwa hakubeba choo chake. Tena mwaka 1977 kipindupindu kikaingia kwa kishindo, vyoo vilivyochimbwa kwenye kampeni vikiwa na miaka minne tu. Kwa hiyo wanauliza: watu walielimika, au waliogopa?

Swali ni la haki, lakini linaiangalia kampeni kwa shimo la choo peke yake. Tuangalie kilichotangulia shimo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliandaa vitabu vya Kiswahili chepesi kuhusu malaria, minyoo, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kabla ya kipindi cha kwanza kurushwa. Kisha, kwa wiki 12, kikundi kilikaa kuzunguka redio, kikasikiliza kipindi cha Redio Tanzania, anayejua kusoma akawasomea wenzake sura ya wiki hiyo, halafu redio ikazimwa na watu wakazungumza. Kikao kilifungwa kwa kukubaliana nini kifanyike pale kijijini: kufyeka majani, kufukia madimbwi, kuchimba choo.

Inakadiriwa watu milioni mbili walishiriki. Nimeirudia tarakimu hii mara nyingi. Sensa ya 1967 ilihesabu watu wapatao milioni 12 nchi nzima, karibu nusu yao watoto. Hata tukikubali kwamba idadi ya watu ilikuwa imeongezeka kufikia 1973, milioni mbili ni kama mtu mzima mmoja kati ya kila wanne. Sawa, waliohesabu ndio walioendesha kampeni, na mwenye shamba husifu mavuno yake. Basi ikate nusu. Wanabaki watu wazima milioni moja, wengi wao hawajui kusoma, wanaojadili chanzo cha ugonjwa wa watoto wao kwa miezi mitatu. Ni kampeni gani ya leo, pamoja na simu zetu zote, imewakalisha watu wengi hivyo wazungumze?

Amri inaweza kumchimbisha mtu shimo. Haiwezi kumfanya mama amweleze jirani yake kwa nini maji ya bwawani yanampa mtoto kichocho. Hapo ndipo naona wakosoaji wanachanganya operesheni ya kuhamisha watu na darasa la watu wazima, kwa sababu tu vyote viwili vilibeba nembo ya serikali ileile. Kuhusu kipindupindu, kilikuja vijiji vipya vikiwa vimejaza watu pamoja kabla ya kupata maji safi. Kitabu hakichimbi kisima.

Kampeni ya Nyumba ni Choo, iliyoanza mwaka 2017, ilikuwa na wimbo mzuri na maneno yanayoshika: usichukulie poa. Nimeipenda. Lakini wimbo ukiisha, tangazo jingine linafuata, na msikilizaji hana wa kumuuliza, "Sasa udongo wa kwetu ni mchanga mtupu, shimo linabomoka, tufanyeje?" Mwaka 1973 swali hilo lilikuwa na siku yake ya kuulizwa, na watu wa kulijibu walikuwa wamekaa palepale, jembe likiwa nyumbani kwa jirani.