Kitochi Kilivyotaka Kunirudishia Mahari

Magrupu ndiyo yaliyonichosha. Kamati ya harusi, kamati ya kipaimara, ukoo, wapangaji wa huku Majengo, wote wanalia mfukoni usiku na mchana. Nikaifungia kabatini simu ya kupangusa, nikanunua kitochi. Tochi kichwani, chaji haiishi, mchezo wa nyoka upo. Nikawa natembea mjini Moshi kama mstaafu aliyelipwa mafao yote.

Kijana wa duka la simu akanihamishia majina kwenye laini. "Yote yameingia, braza." Kuingia yaliingia. Ila laini yangu jina likizidi herufi 14 inalikata, haiulizi mtu. Na mimi nina "Mama Happiness Mkwe", aliyenizalia mke, na "Mama Happiness Mkaa", anayeniuzia mkaa. Hesabu mwenyewe uone panapokatika.

Sasa gunia la mwisho lilikuwa vumbi na vijiti. Jikoni machozi, maharage hayaivi. Nikaamua kumwandikia muuzaji. Aliyewahi kuandika kwa kitochi anajua: S peke yake ni kubonyeza 7 mara nne, na ukivuka herufi 160 unakatwa hela ya meseji mbili. Shikamoo nikaiacha. Neno mkaa nalo nikaliacha, kwani yeye hajui aliniuzia nini? Ikabaki hivi:

"Mama, mzigo ulionipa ni mbovu. Moshi mwingi, joto hamna. Nimevumilia nimechoka. Njoo uuchukue, unirudishie hela yangu."

Nikabonyeza Mama Happiness wa kwanza, nikatuma, nikalala usingizi wa mtu asiye na WhatsApp.

Asubuhi geti likagongwa. Mama mkwe, baba mkubwa, shangazi na mshenga, wameshuka na Noah ya kwanza kutoka Machame. Chai wamekataa wote. Shangazi kaja na begi tupu la kumfungashia binti yao. Baba mkubwa akafungua daftari la mahari, akaanza kusoma: mbuzi, mablanketi, fedha taslimu...

"Mbege tulikunywa pamoja," akasema, "hiyo haihesabiwi."

Mara Happiness akatokea jikoni, macho mekundu kwa ule moshi, anajifuta machozi kwa kanga. Shangazi akaangua kilio. Nikaona kesi imenielemea kabisa.

Ikabidi niliburute gunia mpaka sebuleni nilimwage mbele ya wazee. Baba mkubwa akaokota kipande, kikasagika mkononi. "Kweli, huu ni mbovu." Mama mkwe hata hakutabasamu. Nikaambiwa Jumapili nipande Machame na isale, jani la Wachaga la kuombea msamaha, na mbuzi, na ile shikamoo niliyoiruka niitoe palepale, kwa sauti.

Walipoondoka nikaandika ya kuomba radhi, safari hii bila kubana herufi: "Shikamoo mama. Nisamehe sana. Mzigo ulionipa ni mzuri, sijapata kuona. Nitakaa nao maisha yangu yote."

Jibu likaja upesi: "Marahaba baba. Basi kesho nakushushia magunia mengine mawili."