eCitizen na ofisi iliyo nyuma yake

Mwaka 2023 Mkenya aliyetaka pasipoti aliweza kujaza fomu kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, usiku akiwa kitandani kwake, akalipa kwa M-Pesa na kujichagulia siku ya kwenda kupigwa picha na kutoa alama za vidole. Kisha akasubiri miezi. Mitambo ya kuchapisha ilikuwa imechoka, vijitabu vilikuwa haba, na pale Nyayo House, jengo la ofisi za uhamiaji jijini Nairobi, mabroka waliendelea kuuza nafasi ya kuruka foleni kama walivyofanya miaka yote. Kithure Kindiki, wakati huo Waziri wa Usalama wa Ndani, alifika akalitangaza jengo hilo kuwa eneo la uhalifu.

Wapenzi wa ujasiriamali hawapendi kukisimulia kisa hiki, na wapinzani wao hukisimulia nusu. Fomu ya mtandaoni ilifanya kazi yake. Kilichokwama ni ofisi iliyo nyuma ya fomu. Swali linalogombaniwa kila serikali inapokaribisha kampuni changa kuja kunyoosha mambo ni hili: mbunifu kutoka nje anaweza kuibadilisha taasisi kongwe, au anaijengea tu mlango mzuri wa mbele?

Tuanze na haki ya wajasiriamali, maana wanastahili zaidi ya wanavyopewa. eCitizen ilianza kama jaribio mwaka 2014, na waliousuka mfumo wenyewe walikuwa kampuni binafsi ya Kenya, Webmasters Kenya. Anayekumbuka kusajili kampuni kabla ya hapo anaikumbuka Sheria House, Nairobi, zilikokuwa ofisi za msajili. Karani pale alikuwa na silaha moja, nayo ni faili. Likionekana, kazi inakwenda. Lisipoonekana, njoo kesho. Hakuwa na haja ya kuomba rushwa kwa mdomo. Alikohoa tu, akatazama rafu, ukaelewa. Usajili ulipohamia mtandaoni, karani alinyang'anywa uwezo wa kupoteza faili. Huo ni ugavi mpya wa madaraka, na hakuna warsha ya maadili wala bango la "Hii ni ofisi isiyo na rushwa" lililowahi kuuleta.

Malipo nayo vilevile. Pesa zilizokuwa zikipokelewa dirishani kwa risiti ya mkono sasa zinaacha alama, na mwananchi anabaki na ujumbe kwenye simu kama ushahidi kwamba alilipa, lini na kiasi gani. Kwa aliyewahi kuambiwa "malipo yako hayaonekani", hilo si jambo dogo.

Kwa nini serikali haikufanya hivyo yenyewe mapema? Wataalamu ilikuwa nao. Shida ni kwamba wanaonufaika na ucheleweshaji mara nyingi ndio wanaokaa kwenye kamati ya kuamua ni mfumo gani ununuliwe. Mtumishi kijana anayeziba mirija ya wakubwa hupewa barua ya uhamisho, na akifika huko mbali aseme asante. Mjasiriamali hana bosi wa kumhamisha. Anaweza kukosea hadharani, arekebishe usiku, arudi asubuhi. Hoja hii ina uzito, na wanaoipuuza kwa kusema tu "serikali si biashara" hawajawahi kukaa kwenye foleni.

Sasa upande wa pili. Mwaka 2023 Rais William Ruto aliagiza malipo ya huduma za serikali yapitie mfumo huo mmoja kwa namba moja ya Paybill, yaani namba ya kulipia kwa simu, 222222, na idadi ya huduma ikatangazwa kufika 5,000. Chombo kilichoanza kama jaribio kikawa koo la dola: kila shilingi inapita hapo. Mwishoni mwa Julai mwaka huohuo wadukuzi waliojiita Anonymous Sudan waliushambulia mfumo ukayumba kwa siku kadhaa. Watu wakakosa kununua tokeni za umeme na tiketi za treni kama walivyozoea, na serikali ikalazimika kuruhusu wageni wapewe viza wakishafika. Ofisi ya zamani ilikuwa mbovu, lakini ilikuwa mbovu kwa vipande. Sheria House ikifungwa, treni ya Mombasa haikupata habari.

Kubwa zaidi ni suala la funguo. Umiliki wa eCitizen uligombaniwa mpaka mahakamani, na hata baada ya serikali kutangaza kwamba imeuchukua mfumo, ukaguzi wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, uliendelea kuonyesha kwamba udhibiti kamili hauko mikononi mwa umma na kwamba bila wakandarasi mambo hayaendi. Hapo ndipo hoja ya wasiwasi inapouma. Karani wa zamani aliweza kuficha faili lako wewe. Anayeshika msimbo wa mfumo, hifadhidata na njia ya fedha anaweza, akitaka, kuikalisha serikali nzima mezani akiwa na bei yake mkononi. Sidai kwamba kuna aliyefanya hivyo. Nasema taasisi isiyoweza kumfukuza fundi wake haijarekebishwa. Imebadilisha tu yule inayemtegemea.

Kuna pia ada ya shilingi 50 ambayo mfumo huongeza juu ya malipo. Inaonekana kama hela ya pipi mpaka uizidishe kwa taifa zima. Wizara ya Elimu ilipoagiza Januari 2024 kwamba karo za shule za kitaifa zilipwe kupitia eCitizen, wazazi na wakuu wa shule walishtuka, na kesi ikafika Mahakama Kuu. Tarehe 1 Aprili 2025 mahakama iliibatilisha amri hiyo, pamoja na mambo mengine kwa sababu umma haukushirikishwa na ada yenyewe haikuwa na mguu wa kisheria. Waliobuni amri ile walisahau kwamba kuna wazazi Kenya wanaomaliza salio la karo kwa gunia la maharagwe au mzigo wa kuni, kwa makubaliano na mwalimu mkuu. Paybill haipokei kuni.

Majirani wamepita njia nyingine. Tanzania, kuanzia mwaka 2017, ilijenga mfumo wake wa malipo ya serikali, GePG, kwa kutumia wataalamu wa ndani wa Wizara ya Fedha. Kabla ya hapo taasisi za umma zilikuwa zikikusanya kupitia benki na mawakala binafsi, kila moja na mkataba wake na kamisheni yake. Leo Mtanzania akidaiwa na ofisi ya serikali anapewa namba ya malipo, analipa kwa simu au benki, na fedha zinaonekana. Benki na kampuni za simu zimebaki kuwa mifereji, na kisima ni cha serikali. Rwanda nayo iliingia mkataba wa miaka 25 na kampuni iliyoanzisha Irembo, tovuti ya huduma za serikali ya huko, ikaamua kwamba ndoa ndefu yenye masharti ni bora kuliko uchumba usio na karatasi.

Lakini mwenye kusifu mfumo wa ndani asikimbilie kupiga vigelegele. Tanzania hiyohiyo, mwishoni mwa 2019, ilishuhudia foleni ndefu kwenye ofisi za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, wakati laini za simu zilipotakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole. Tarehe ya mwisho ya Desemba 31 ikasogezwa hadi Januari 20, 2020, na wengi walisajili laini kwa kutumia namba tu kwa sababu kitambulisho chenyewe hakijachapishwa. Ofisi ni ya serikali yenyewe, na bado "njoo kesho".

Kwa hiyo ugomvi wa binafsi dhidi ya umma, kwa maoni yangu, unatupotezea muda. Anayeujenga mfumo ana umuhimu, lakini motisha yake ina umuhimu zaidi, na hapa ndipo ninapotofautiana na marafiki zangu wa teknolojia. Kampuni inayolipwa kwa kila muamala haina sababu ya kutamani miamala ipungue. Tazama cheti cha tabia njema cha polisi. Kijana asiye na kazi analipa shilingi 1,000, anaongezwa 50, anaenda Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, kutoa alama za vidole, ili tu apate kuomba kazi ambayo huenda hatapewa. Wengi hata hiyo fomu hawaijazi wenyewe. Wanakwenda saibakafe, wanamlipa mhudumu, naye ndiye anayekumbuka nywila zao. Broka wa Nyayo House amepata mrithi mwenye kompyuta, ingawa huyu angalau bei yake ameibandika ukutani.

Mfumo umeurahisisha mchakato huo kwa namna ya kupendeza. Haukuuliza kwa nini mchakato upo. Usingeweza kuuliza, kwa sababu kila cheti ni mapato kwa mkandarasi na kwa Hazina pia. Kufuta hatua isiyo na maana ni kazi ya sheria na siasa, na hakuna kampuni changa itakayokuja na wazo la kufuta chanzo chake cha fedha.

Mfano wa kufuta upo. Kwa miongo kadhaa vijana wa kaunti za mpakani kaskazini mwa Kenya walipoomba kitambulisho walipelekwa kwanza mbele ya kamati za kuwahoji ukoo wao, jambo ambalo kijana wa Nyeri hakulijua. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitia saini tangazo la kuondoa mchujo huo. Unaweza kuuona kama siasa za kura za 2027, na pengine ni kweli. Hata hivyo hatua iliyowatesa watu miaka mingi iliondolewa kwa karatasi na kalamu, bila programu wala zabuni. Kama maafisa wa usajili wa Garissa na Mandera wanaitii ni jambo la kufuatilia ofisi kwa ofisi, na hiyo nayo ni kazi ambayo skrini haiifanyi.

Ndiyo maana mikataba ya eCitizen itakapofikishwa tena mbele ya kamati ya Bunge, ningetamani wabunge waende mbali kuliko kuuliza nani anamiliki seva na nani anachukua zile 50, ingawa hayo ni ya lazima. Waiombe kila wizara ilete orodha ya huduma zake zilizomo kwenye mfumo huo, na mbele ya kila moja iandike ni sheria gani inayomlazimisha mwananchi kuiomba.