Ukinakili Guercino, acha kwanza wino wa kahawia

Wanaojifunza kunakili michoro ya wino ya Guercino hutangulia kununua wino wa kahawia. Kwa maoni yangu huko ni kuanzia mwisho. Mchoraji huyu, ambaye jina lake halisi ni Giovanni Francesco Barbieri, alizaliwa Cento, kaskazini mwa Italia, mwaka 1591. Mistari yake mingi ya watakatifu na malaika ilikuwa karibu nyeusi alipoichora. Ukahawia umeletwa na miaka.

Wino huo unaogeuka kahawia ulitokana na vivimbe ambavyo mwaloni huota nyigu wadogo wanapotaga mayai kwenye machipukizi yake. Kanuni iliyojulikana sana Italia ilipimwa kwa uzito: gundi ya mgunga sehemu 1, salfeti ya chuma 2, vivimbe 3, maji 30. Ni rahisi kuikumbuka, ila chuma kimezidi. Tanini, yaani ile kemikali chungu iliyomo kwenye vivimbe, haitoshi kukifunga chote, na kile kinachobaki, kikisaidiana na asidi, hula karatasi. Ndiyo sababu mstari wa zamani huzungukwa na ukungu wa kahawia, na pale wino ulipotuama, kwenye mboni ya jicho au kunjo la joho, karatasi huweza kutoboka kabisa. Unyevunyevu huongeza kasi. Kwa hiyo anayeanza na kahawia ananakili ugonjwa wa mchoro.

Cha kuiga ni jinsi alivyogawa mwanga. Weupe wote ni karatasi yenyewe, na ukishaufunika haurudi. Amua kwanza mwanga unatoka upande gani, kisha weka watu kwa mistari myepesi ya kalamu: kichwa ni yai tu, macho ni nukta mbili. Mkono ukikaa vibaya, usiufute. Chora mwingine juu yake. Guercino aliacha mikono miwili mitatu kwenye bega moja, na macho yetu huchagua ule sahihi bila shida.

Subiri mistari ikauke kabisa, la sivyo brashi itaikokota. Changanya tone 1 la wino na matone 10 hivi ya maji, upake kivuli kizima kwa mkupuo mmoja, kikivuka kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Hapa ndipo wengi huharibu: humtia kila mtu kivuli chake, na tukio linavunjika vipande vipande. Kivuli cha pili, tone 1 kwa matone 4, kiwe sehemu chache tu, mfano chini ya kidevu au nyuma ya anayepiga magoti.

Karatasi ya kawaida ya printa haifai kwa sababu inanyonya na mstari unasambaa. Tafuta iliyotiwa gundi kiwandani ili isinyonye wino, gramu 160 kwa mita ya mraba au zaidi. Ukichonga kalamu ya unyoya wa bata bukini, mpasuko wa ncha uwe kama milimita 5. Ukizidi sana wino humwagika. Ukiwa mfupi mno, wino hukatika katikati ya mstari.

Nasisitiza haya kwa sababu michoro hii ilikuwa mahali pa kuamulia kazi. Picha ya altare ya maziko ya Mtakatifu Petronilla, aliyoimaliza 1623 kwa Basilika la Mtakatifu Petro, ina kimo cha zaidi ya mita 7: chini mwili unashushwa kaburini, juu Kristo anampokea mbinguni. Kumhamisha mtu kwenye turubai ya ukubwa huo ni gharama kubwa. Kwenye karatasi ni mistari michache. Guercino alizoea kuchora tukio moja mara nyingi, akibadili mkao na pande za watu, kuliko kusafisha mchoro mmoja hadi ung'ae.

Mkusanyo mkubwa kuliko wote wa michoro yake uko Windsor, Uingereza, katika hazina ya kifalme, na picha zake zinatazamika mtandaoni. Chagua tukio moja, ulichore kwenye karatasi nne, na katika kila karatasi mwanga utoke upande tofauti.